Bi. Nasirumbi na Wale Hamsini na Wanne Ambao Hawakufika

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Rael Nasirumbi anakabidhi funguo za ghala na kuondoka katika Shirika la Mkono Mlimani baada ya miaka ishirini na minane na miezi tisa ya kazi. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Ngatia, niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha leo. Kwanza nilikwenda kumwuliza kama hangependa kuandikwa na mtu mwingine, maana kila mfanyakazi wa ofisi yetu ya Nyeri anakumbuka mwaka ambao mimi na yeye tulikuwa tukisalimiana kwa shingo upande. Alikuwa akihesabu bendeji. Alisema bila kuinua kichwa, "Andika wewe. Lakini uandike yote."

Basi nitaandika yote.

Bi. Nasirumbi alizaliwa Bungoma mwaka 1965. Alifundisha shule ya msingi huko kwao, kisha Februari 1997 akaja Nyeri kumfuata mumewe, afisa wa polisi aliyekuwa amehamishiwa huku. Shirika lilimwajiri kutunza ghala: kamba, mablanketi, machela na masanduku ya dawa. Mafunzo ya wahudumu wa kujitolea, wale tunaowaita kuokoa watu wakati wa ajali na maafa, hayakuwa kazi yake. Yalikuwa ya mzee mmoja aliyewasomea watu kitabu cha huduma ya kwanza tangu asubuhi hadi jioni, nao wakasinzia kwa heshima.

Siku moja mzee huyo akaugua, na watu thelathini walikuwa wameshakaa katika ukumbi wa kanisa mjini Karatina wakimngoja. Bi. Nasirumbi, aliyekuwa amepeleka vifaa tu, akaingia na machela. Wakaanza kumcheka kwa Kiswahili chake cha magharibi mwa nchi. Akamchagua Wamae, mfanyabiashara wa kabichi na mtu mnene kuliko wote mle ndani, akamwambia alale. Kisha akawaita akina mama wanne wembamba wambebe mpaka sokoni na kumrudisha. Wamae alicheka mpaka walipofika penye nyanya. Hapo akashika pande za machela kwa mikono miwili. Waliporudi ukumbini hakuna aliyekuwa akicheka, na Wamae akasema, "Sasa nimejua vile mtu huskia akibebwa na watu hajui." Alihudumu nasi miaka kumi na tisa.

Kuanzia siku hiyo mafunzo yakawa ya Bi. Nasirumbi, na watu wakaanza kumwita Mwalimu. Alikuwa na sheria mbili. Kila mtu atabebwa kabla ya kubeba. Na mlango unafungwa saa mbili kamili. Anayechelewa atasimama mbele na kueleza sababu. Kuna mwaka mwenyekiti wetu wa wakati huo alichelewa kuja kufungua kozi, naye akasimamishwa mbele kama wengine, akaeleza habari ya gurudumu lililopasuka huku watu wakijikuna pua ili wasicheke. Tulizoea kuisimulia hadithi hiyo kila Desemba. Baadaye nitaeleza kwa nini hatuisimulii tena.

Mimi niliajiriwa mapema mwaka 2023. Nilitoka Nairobi nikiwa na kompyuta mbili na imani kubwa. Wakati wa korona shirika lilikuwa limejaribu kufundisha kwa simu, kwa kubahatisha tu, na bodi ilitaka mtu wa kuifanya kazi hiyo ipasavyo. Niliandaa masomo kumi na mawili ya video. Mtu angeweza kusoma akiwa jikoni kwake au kwenye foleni, akajibu maswali na kupata cheti. Katika miaka yote ya ukumbini hatukuwahi kupata wahudumu wapya zaidi ya mia moja na arobaini kwa mwaka. Mwaka wangu wa kwanza walikuwa mia nne na kumi. Nilichora grafu. Ilipanda kama njia ya kwenda mlimani.

Katika mkutano wa Novemba mwaka huo, bodi ikaamua kwamba kuanzia Januari mafunzo yote yatakuwa ya mtandao, na kazi ya Bi. Nasirumbi itarudi kuwa ile ya ghala. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi, si bodi.

"Ngatia, hawa mia nne nikiwaita kesho, wangapi watakuja?"

"Wote wamefaulu mtihani, Mwalimu."

"Sijauliza kama wamefaulu."

Badala ya kukiri kwamba sijui, nilisema kwamba wakati wa kubebana sokoni umepita. Watu wawili walicheka. Yeye alikusanya karatasi zake akatoka, na tangu siku hiyo tukawa tunaongea kwa barua pepe ingawa meza zetu zilitenganishwa na ukuta wa mbao.

Jibu lilikuja Jumatano ya pili ya Mei 2024. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo. Saa nne asubuhi tulipigiwa simu kwamba kilima kimeporomoka juu ya Kiriaini na kufunika nyumba mbili kwenye mashamba ya majani chai. Nyumba moja ilikuwa tupu. Katika ya pili alikuwamo mwenye shamba, Mzee Gathogo, na ukuta ulikuwa umemwangukia mguu. Daraja la chini lilikuwa limefunikwa na maji, kwa hiyo magari ya serikali, yaliyokuwa yakitokea upande wa pili wa mto, yalilazimika kuzunguka mbali. Kulikuwa na wahudumu wetu sitini na watatu waliokaa karibu na pale. Niliwatumia wote ujumbe kwa kubonyeza mara moja, na nikaona kwenye kioo cha kompyuta alama za kuonyesha kwamba umefika. Nilimwambia Bi. Nasirumbi kupitia mlangoni, "Nimewaita sitini na watatu." Alikuwa tayari ameshavaa gamubuti zake za mvua.

Tulikwenda kwa gari moja. Tulipofika, na kupanda kwa miguu kilomita mbili za matope kutoka barabarani, tuliwakuta watu wetu tisa. Nilihesabu mara mbili. Wanane walikuwa wamefunzwa na Bi. Nasirumbi ukumbini. Wa tisa alikuwa msichana mwenye sweta ya manjano, amepiga magoti kwenye matope kando ya kichwa cha Mzee Gathogo, amemshika mabega. Aliitwa Shiku. Alikuwa mwanafunzi wangu, na sikuwa nimewahi kumwona.

Majirani walitaka kumvuta mzee kwa mikono. Shiku alikuwa amewakatalia kwa saa nzima. "Mkimvuta mtamuua," aliwaambia. "Toeni udongo kwanza. Polepole. Nimesema polepole." Juu yetu kilima kilikuwa bado kinatoa sauti, kama gunia la mawe linaloburutwa. Kila mara sauti hiyo iliposikika, watu walisimamisha majembe na kutazama juu. Bi. Nasirumbi alilala kifudifudi kwenye matope, akatazama chini ya ukuta, akamwambia Shiku, "Uko sawa. Endelea kumwongelesha. Mimi nitamfunga mguu juu ya jeraha, damu isitoke."

Tulimtoa saa saba kasoro robo. Kazi ya kumteremsha ilikuwa mbaya kuliko ya kumtoa. Machela hubebwa na watu wanne, na katika matope kama yale inabidi wabadilishane kila baada ya dakika chache. Tulihitaji wahudumu wasiopungua kumi na sita. Walikuwa tisa, wengi wakiwa wamechimba tangu saa tano. Majirani walisaidia kwa moyo wote, lakini hawakujua kupokezana, na kwenye kona moja ya njia, penye mkondo wa maji, mmoja wao aliteleza, machela ikaanguka upande. Bado nakumbuka sauti aliyotoa Mzee Gathogo. Kilomita mbili zilituchukua saa mbili na nusu.

Aliishi. Mguu haukuokoka. Daktari alituambia, bila kutulaumu, kwamba angefika mapema zaidi huenda mambo yangekuwa tofauti.

Nilingoja Bi. Nasirumbi aniseme. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kujitetea. Jumatatu iliyofuata alikuja kwenye meza yangu na karatasi.

"Hamsini na wanne hawakuja," alisema. "Arobaini ni wako. Kumi na wanne ni wangu. Gari lipo na mafuta yapo. Twende tuwaulize."

"Tuwaulize kwa simu?"

Akachukua funguo za gari.

Tulizunguka wiki tatu, Kiriaini na vijiji vyake, mlango kwa mlango. Wengine hawakuwa wameuona ujumbe. Wengine waliuona wakadhani ni somo jingine. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama shirika letu ni la kweli, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuona mtu wake hata mmoja. Kumi na mmoja walikuwa wamehama au hawakutaka kutufungulia.

Mtu ninayemkumbuka zaidi kati ya wangu ni Samuel, mwalimu wa hesabu anayetoka Busia. Alikuwa na alama tisini na nane kwa mia. Alitukaribisha kwenye chumba chake cha kupanga, akatupa viti vyote viwili, yeye akakaa kitandani.

"Nilikuja," alisema. "Nilifika mpaka duka la mwisho na bodaboda. Nikasimama pale dakika ishirini hivi. Nikaona watu wanachimba, wanaitana majina. Nikajiuliza, nikienda pale, nitamwambia nani nini? Hawanijui. Wataniuliza mimi ni nani, niwaonyeshe cheti kwa simu?" Alijifuta uso. "Madam, nilijua kila kitu. Lakini sikujua mtu. Nikarudi nyumbani. Silali vizuri tangu siku hiyo."

Nilikuwa nimempa mtu huyo masomo kumi na mawili na sikuwa nimempa hata jirani mmoja.

Shiku naye tulikwenda kumwona, ingawa hakuwa kwenye orodha. Ana mtoto wa miaka sita ambaye hatembei wala kukaa mwenyewe. Bi. Nasirumbi alimwuliza kwa nini hakuwahi kuja ukumbini, maana alikuwa na mikono ya kazi.

"Ningekujaje?" Shiku alisema. "Ile kozi yako ilikuwa Jumamosi mbili, asubuhi mpaka jioni. Na mlango inafungwa saa mbili. Mimi niko na huyu. Hiyo video nilikuwa naangalia nikimlisha. Ile ya mtu amebanwa nimeiangalia mara kumi na tisa." Aliongeza kwamba siku ile ya maporomoko jirani ndiye aliyekaa na mtoto, na kwamba alikwenda kwa sababu nyumba ya Mzee Gathogo inaonekana kutoka dirishani kwake.

Bi. Nasirumbi akaomba amshike mtoto, akakaa naye mapajani mpaka tulipoondoka.

Kisha tukafika kwa Wakonyo. Huyu alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne waliofunzwa ukumbini, mwuza mitumba katika soko la Kiriaini. Alipomwona Bi. Nasirumbi aliendelea kukunja nguo.

"Nilipata ujumbe," alisema kabla hatujauliza. "Nilisoma nikafunga simu."

"Kwa nini, mama?"

"Unanikumbuka kweli? Mimi ndiye ulinisimamisha mbele ya watu kama mtoto wa shule. Nilichelewa sababu mama yangu alikuwa amelazwa, nilikuwa nimelala hapo hospitali kwa kiti. Nikashindwa kusema mbele ya watu. Nikasema ati nilichelewa kuamka. Wakacheka. Na wewe ukacheka." Aliweka sweta juu ya rundo. "Nilimaliza kozi nikachukua cheti yangu. Nikasema hawa watu wakiniita, siendi."

Nilitamani kuwa mahali pengine. Bi. Nasirumbi alisimama mbele ya meza ile ya nguo, mikono imening'inia.

"Ni kweli," alisema. "Nilicheka. Na sikukuuliza. Naomba unisamehe, Wakonyo."

"Nimesikia," Wakonyo alisema, akachukua nguo nyingine.

Ndani ya gari Bi. Nasirumbi hakufunga mkanda mpaka nilipomkumbusha. Tulikuwa karibu kufika Nyeri aliposema, "Miaka ishirini na saba nimekuwa nikihesabu wanaokuja. Sikuwahi kuhesabu niliowafukuza." Hiyo ndiyo sababu hatuisimulii tena hadithi ya mwenyekiti na gurudumu.

Mkutano wa bodi wa Julai ulikuwa mgumu kuliko yote niliyowahi kuhudhuria. Ajenda ya tatu ilikuwa mimi. Mwanachama mmoja alitaka nifukuzwe na masomo ya mtandao yafutwe kabisa. Alisema mguu wa mtu umepotea kwa sababu ya grafu. Sikuweza kumpinga. Bwana Ngugi, mwenyekiti, alimgeukia Bi. Nasirumbi.

"Mwalimu, wewe ulituonya. Sema. Turudi ukumbini?"

Wanachama wote walimgeukia. Alikuwa amepewa kila kitu alichokuwa ameombea tangu Novemba, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria pa kupeleka kompyuta zangu.

"Tukirudi ukumbini tunampoteza Shiku," alisema. "Na bila Shiku, Mzee Gathogo angevutwa na kufa kabla sijafika. Mkimfukuza Ngatia kwa sababu ya wale arobaini, nani atafukuzwa kwa sababu ya kumi na wanne wangu? Mimi naomba miezi minane. Watu wasome kwa simu, kila mtu kwa saa yake. Halafu wakutane kumi kumi, kijijini kwao, siku wanayochagua wao, wabebane, wajuane kwa jina. Na siku ya hatari kila kikundi kiwe na mtu mmoja wa kuwapigia wenzake, aongee nao, asitume ujumbe. Ikishindikana, nitaondoka kabla ya wakati wangu, na Ngatia mmfanye mnavyotaka."

Kura zilikuwa nne kwa tatu.

Miezi iliyofuata tulifanya kazi kwenye meza moja. Ukuta wa mbao tuliutoa wenyewe. Niliandika masomo upya, naye akayasoma na kufuta kila neno ambalo mama wa sokoni hangelielewa. Hatukuwa tumekuwa marafiki. Tulibishana juu ya karibu kila kitu, hasa juu ya wanaochelewa, kwa kuwa sasa ni yeye aliyekuwa akisema wangojewe.

Machi 2025, adhuhuri, lori lililobeba wachumaji wa majani chai lilipinduka kwenye bonde karibu na Kangema. Mara hii mimi ndiye niliyebaki ofisini. Bi. Nasirumbi alikuwa huko huko akikutana na kikundi. Mpango wetu ulisema watu thelathini na mmoja wapigiwe, na wapigaji wanieleze kila anayejibu. Nilikaa na orodha mbele yangu na simu sikioni. Dakika kumi za kwanza nilikuwa na majina manne tu. Kisha yakaanza kuja. Huyu anatoka shambani. Huyu amefunga duka. Huyu anauliza aje na kamba. Samuel, aliyekuwa ameingia kikundi cha Kiriaini, alisikia kwa mwenzake, akaacha darasa kwa mwalimu mwingine na kwenda.

Walifika ishirini na sita, pamoja na Samuel. Waliwatoa watu kumi na saba kutoka bondeni. Mmoja alikuwa amefariki kabla mtu yeyote hajafika. Wengine kumi na sita wanaishi. Bi. Nasirumbi aliniambia jioni kwamba hakugusa machela hata mara moja. Kila alipokwenda kushika, alikuta mikono imeshajaa. Alisema hivyo kama mtu anayelalamika, halafu akakaa kwenye ngazi za ofisi akalia.

Sitaki kijitabu hiki kimfanye mtu aamini kwamba tumemaliza. Wakonyo hajarudi. Kila mwezi Bi. Nasirumbi humpigia kuuliza hali ya mama yake. Mara nyingine anashika simu, mara nyingine hashiki. Wale kumi na mmoja hatujawapata.

Jumapili iliyopita Bi. Nasirumbi aliniambia nimsindikize kwa Mzee Gathogo. Tangu mzee atoke hospitali yeye amekuwa akimtembelea, na mimi nilikuwa sijawahi kwenda. Nilijiambia ni kwa sababu ya kazi nyingi, lakini yeye alijua ni aibu. Familia ilikuwa imejengewa nyumba mpya mbali na kilima. Mzee alikuwa amekaa nje barazani, gongo limeegemezwa ukutani.

"Mwalimu, nimeskia unaenda," alimwambia.

"Naenda, mzee. Nimeleta huyu."

Mzee akanigeukia. "Wewe ndiye ule wa kompyuta?"

"Ni mimi, mzee."

Nilidhani angeniuliza juu ya siku ile. Nilikuwa nimeyafikiria maneno ya kumwambia njia nzima kutoka Nyeri, na yote yalikuwa yamenitoka. Mzee akavuta kiti cha pili kwa ncha ya gongo lake, kikakwaruza sakafu mpaka kilipofika mbele yangu.

"Kaa," alisema. "Chai inakuja."

Nilikaa. Tuliongea juu ya mvua na bei ya mbolea mpaka jua lilipogeuka. Tulipoaga, Bi. Nasirumbi alitangulia kwenda kwenye gari, akatuacha wawili, na Mzee Gathogo akaniuliza nitakuja tena lini. Nilitaja siku.

Mwalimu, kwa niaba ya wafanyakazi wa Mkono Mlimani na wahudumu wa Karatina, Kiriaini, Kangema na Nyeri, asante kwa miaka yako, na asante kwa wiki zile tatu. Rudi Bungoma salama kwa watoto na wajukuu. Tunakuombea asubuhi nyingi ambazo simu italia kwa salamu tu.